Mheshimiwa Alipita Juu

Mlio wa helikopta hunigonga kifuani kabla haujafika masikioni. Juma lililopita nilikuwa uani kwangu hapa Voi, naanika nguo, nikauhisi ukija. Jirani yangu alitoka mbio na simu ili aipige picha. Mimi niliinama nikaendelea kukamua shuka, nikalikamua mpaka viganja vikaniuma. Msinione mtu wa kinyongo kabla sijawaeleza.

Nilikulia Marungu, mahali ambapo mvua ikikosa, mbavu za ng'ombe huhesabika ukiwa mbali. Nilikuwa darasa la nne Mwalimu Mkuu alipotutangazia kwenye paredi ya asubuhi kwamba mheshimiwa angekuja kufungua zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili vinavyonuka rangi mbichi, na kufuli mlangoni. Lakini hiyo haikututia wazimu. Kilichotutia wazimu ni kwamba angekuja na helikopta, na ingetua kwenye uwanja wetu wa kandanda.

Tulifanyishwa kazi kama punda wa kukodi. Tuling'oa visiki, tukaokota mawe, tukachora duara kubwa la chokaa. Halafu tukaambiwa kila mtoto aje na mtungi wa maji ya kunyunyizia uwanja, vumbi lisimchafue mgeni. Kilikuwa kiangazi kikali, na maji tulikuwa tukiyafuata mbali. Mama yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Wakesho kwa jina langu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua mtungi, akaujaza maji aliyooshea vyombo.

"Peleka," akasema. "Vumbi halichagui."

Basi nikaenda nayo, yananuka maharagwe ya jana. Mwalimu wa zamu aliyanusa, akanitazama, akanionyesha pa kuyamwaga, mbali kidogo na lile duara.

Siku ilipofika, maji yetu yote hayakufua dafu. Helikopta ilishuka na vumbi likasimama kama ukuta. Hema liling'oka upande mmoja, kofia zikaruka, kwaya ya akina mama ikaumeza wimbo wake katikati ya ubeti. Mbuzi waliokuwa wakitafuna mizizi nyuma ya shule walikimbia, na wengine hawakupatikana hadi kesho yake. Sisi watoto tulipiga kelele za furaha. Siwadanganyi, nilikuwa sijaona kitu kizuri kama kile maishani mwangu.

Mheshimiwa alishuka akipangusa bega. Alitwambia kwamba alikuwa ametoka Voi sasa hivi tu, hata chai aliyoiacha mezani haijapoa. Watu wakacheka. Akasema barabara yetu anaijua vizuri sana, imo kwenye mipango, tuwe na subira. Watu wakapiga makofi. Kisha msema chochote, yule mwendesha sherehe, akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno fupi la shukrani, na kabla sijaelewa linalotokea, nikamwona Mama amesimama, leso yake imejaa vumbi, anapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa, karibu Marungu," alisema, kwa Kiswahili chake kile chenye lafudhi ya Kidawida, lugha ya kwetu. "Kwa zahanati, tumeshukuru. Nina ombi moja. Ukirudi Voi, rudi na gari."

Kicheko kilipita uwanja mzima, na mheshimiwa akacheka pamoja nao.

"Mama, kwani unataka nichelewe?"

"Nataka upite barabara."

"Kiongozi ana kazi nyingi, mama yangu. Hii ndege inanisaidia kuwafikia watu wengi kwa siku moja. Au hutaki niwafikie wenzako?"

"Sisi umetufikia," Mama akajibu. "Lakini hujui sisi tunakufikiaje wewe."

Msema chochote alikuwa ameshakisogelea kipaza sauti. Alikitwaa kwa adabu, kama mtu anayempokea mama mzigo, akatangaza, "Mama ameshukuru. Makofi kwake." Tukapiga makofi, hata mimi. Mama alibaki amesimama kidogo, kisha akaketi na kuitengeneza leso yake.

Mheshimiwa alikata utepe, akala kuku, akapaa. Kwa muda mrefu baadaye watoto wenzangu waliniita Rudi-na-Gari. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni ile nilimuuliza Mama kwa nini alisema vile mbele za watu. Alikuwa akipepeta pojo, hakuinua kichwa. "Nilikuwa na neno," akasema, "nikalitoa." Ile zahanati ilikaa na kufuli yake hata rangi ikaanza kubambuka, kwa sababu muuguzi aliyeletwa aliiona barabara mara moja tu, akaomba uhamisho.

Miaka ilipita. Niliolewa hapa Voi, na nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza Mama alikuja kukaa nami. Siku moja alikuwa akinikanda miguu iliyovimba, akaanza kusema bila kuulizwa.

Mwaka mmoja kabla ya ziara ile, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Hilo nililijua. Tuliambiwa mtoto alifia hospitali, mikononi mwa madaktari, kazi ya Mungu. Sasa Mama alinieleza kwamba hakufika hospitali. Uchungu ulimshika mvua kubwa ikinyesha. Walimpakia kwenye pikapu ya jirani, juu ya magunia, na pikapu ikazama korongoni. Wanaume wakasukuma, wakachimba kwa mikono, wakakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu.

"Alizaliwa pale pale," Mama alisema. "Alilia vizuri tu. Malori ya barabara kuu nilikuwa nayasikia, Wakesho. Karibu hivyo. Halafu akanyamaza."

Akaendelea kunikanda miguu.

Tangu siku hiyo nina hasira ambayo haijanitoka, wala sitaki initoke. Naambiwa muda wa kiongozi ni wa thamani. Na wa yule mtoto ulikuwa wa nini? Sisemi helikopta zisiruke. Mafuriko yakizingira watu, ziruke. Mgonjwa akiwa hoi huko nyikani, ziruke, tena haraka. Lakini mtu mzima mwenye afya, anayekwenda kukata utepe na kula kuku, anaruka kuikwepa barabara ambayo tumemchagua aitengeneze, na mafuta ya hiyo ndege tunayalipia sisi tunaobaki chini. Halafu anatwambia anaijua. Anaijua kama mstari mwekundu dirishani, huko chini, anapogeuza shingo.

Nikiwa mtoto niliamini Mama alikuwa ameomba jambo la kijinga, na kwamba mheshimiwa alimjibu kwa busara. Ilibidi nibebe mimba ndipo nielewe. Njia ya kutoka Marungu ni ile moja, na inapita kwenye lile korongo. Angerudi na gari, dereva wake angelazimika kupunguza mwendo pale pale, hata kama haambiwi kwa nini. Mama hakuwa akimwomba zaidi ya hapo.