Mpigaji wa Mguu wa Kushoto

Kama unatafuta hadithi ya kukuletea usingizi, hii iweke kando. Haya yalitokea Jericho, mtaa wetu wa Eastlands, mbele ya watu waliojaa ukumbi wa mtaa, na wengi wao hadi leo ni majirani zangu wanaokuja kuniomba chumvi. Waulize. Watakuambia walichosikia. Mimi nitakuambia na nilichoona, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko mimi.

Nimeandika kitabu kimoja tu maishani, riwaya ya kutisha. Ina nyumba kubwa ya mawe iliyoachwa na mlowezi, mvua isiyokatika, kuta zenye kuvu, na chumba kilichofungwa ambamo nyatiti inajipiga yenyewe. Marehemu mwenye nyatiti hiyo anarudi kumtafuta mtu aliyeiba nyimbo zake. Wasomaji huniambia nina mawazo ya ajabu. Mawazo gani? Nyumba niliibuni, sikatai. Marehemu na mwizi sikuwabuni.

Marehemu ni baba yangu, Mzee Ogola. Alifanya kazi ya usafi wa jiji, ndiyo maana tukapata nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, hapo Jericho. Jumamosi jioni aliketi kwenye kigoda nje ya mlango na kupiga nyatiti, kinanda chetu Wajaluo cha nyuzi nane, na watu walisimama na ndoo zao za maji kusikiliza. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na kugonga nayo ubao wa kinanda ili kushika mwendo wa wimbo. Baba aliivaa mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ulipondwa na lori la taka nikiwa mdogo, vidole vikakatwa, na tangu siku hiyo hakuvua buti la mpira mguu huo mbele ya watu. Kwa hiyo alipiga na buti moja, mguu wa kushoto wazi. Pigo lake lilikuwa linachelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Sijawahi kumsikia mpigaji mwingine wa namna hiyo.

Mimi ni mtoto wake wa pekee, na ni mwanamke. Wazee wetu walishikilia kwamba mwanamke haigusi nyatiti, basi. Baba alinipenda kupita kiasi, lakini nikinyoosha mkono kuelekea zile nyuzi aliupiga kofi jepesi na kuniambia nikaangalie ugali. Baba alimfundisha Tobias, mtoto wa Mama Akinyi wa nyumba ya pili. Nilikuwa naosha vyombo dirishani nikisikiliza mtu mwingine akifundishwa kitu changu. Likumbuke hilo, maana nitalirudia.

Baba alipoanza kuugua kifua, Tobias alikuja na vifaa vyake akarekodi nyimbo zote, eti asije mzee akaondoka nazo. Tulimpikia kuku. Miezi haikuwa mingi tukawa sokoni hapo Jericho, mimi na Baba, tukichagua mboga za sukuma, na redio ya muuza mitumba ikaanza kuimba wimbo ambao Baba alimtungia mama yangu alipofariki. Baba akatabasamu. Wimbo ulipoisha mtangazaji akasema tumemsikia Tobias, mtunzi kijana. Baba aliniomba tu nimshike mkono twende nyumbani. Nyatiti akaitundika ukutani, na hakuigusa tena hadi alipokufa.

Nilimwendea Tobias. Wakati huo alikuwa amehamia kwenye majumba yenye lifti. Akaniambia mzee ni wake pia, kwamba yeye ndiye aliyezitoa nyimbo mtaani akazipeleka duniani, na kwamba niwe na shukrani. Mazishini, nyumbani kwetu Siaya, alikuja na suti nyeusi, akaomba nyatiti ya Baba amwimbie mwalimu wake. Nani angemkatalia mbele ya waombolezaji? Alipiga vizuri, watu wakalia. Udongo wa kaburi haujakauka, nyatiti ilikuwa tayari kwenye buti la gari lake. Kitu pekee alichokikosa ni ile pete ya chuma, kwa sababu niliivisha mimi mwenyewe kwenye kidole cha Baba kabla jeneza halijafungwa.

Hapakuwa na karatasi yoyote ya kumshtaki nayo. Nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo ndiyo niliyoandikia riwaya. Kila nilipochoka nilimkumbuka Baba pale sokoni na sukuma yake mkononi, nikaongeza ukurasa. Ndani ya kitabu niliweka sharti moja: mpigaji akishaitwa kwa hasira hanyamazi mpaka yule aliyemwita aseme imetosha. Niliona ni sharti zuri la kutisha watoto. Ningejua?

Aliyenichapishia ni Shiru, mwanamke mchangamfu mwenye ofisi ya chumba kimoja Kariobangi, juu ya karakana ya wachomelea vyuma, ambako lazima mpige kelele hata mkisalimiana. Siku moja akanipigia simu akicheka. "Niaje, mwandishi? Nimekupatia mpiga nyatiti wa siku ya kuzindua kitabu. Tobias mwenyewe amekubali." Masikini, alidhani ananifurahisha.

Nilitaka kukataa, kisha nikasema aje. Nilitaka kitu kimoja kutoka kwake: aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wa Jericho waliomjua Baba, kwamba nyimbo ni za Ogola. Kitu hicho tu. Siku yenyewe nilimngoja kwenye mlango wa pembeni wa ukumbi na nikamwambia hivyo, kwa adabu, bila kuinua sauti. Alikuwa amebeba nyatiti ya Baba kwapani.

"Dada, leo ni siku yako," akasema. "Usijiharibie."

Akapita. Akaiweka nyatiti jukwaani kando ya kigoda, akarudi mlangoni kupigwa picha na wasichana. Moyoni nikasema, Baba, kama unasikia, njoo ujionee. Nilisema hivyo, sikufichi.

Jioni ilikuwa inaingia na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nikapanda jukwaani kusoma ile sura ambayo marehemu anafika kwenye nyumba ya mawe. Nilipofika mahali panaposema taa zilizimika, stima zikapotea ukumbi mzima. Watu wakacheka, wakidhani tumepanga. Nikawasha tochi ya simu, nikasoma sentensi iliyofuata: nyuzi zikalia gizani.

Nazo zikalia, hapo nyuma yangu.

Ulikuwa wimbo wa mama yangu. Watu wakapiga makofi, wengine wakataja jina la Tobias. Lakini Tobias alikuwa bado mlangoni, nilimwona kwa mwanga wa simu za wale wasichana, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kuudhika. Mimi sikuwa namsikiliza yeyote. Nilikuwa nasikiliza lile pigo la pete. Lilikuwa linachelewa.

Hebu fikiria ungekuwa wewe. Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Niligeuka polepole na kushusha mwanga wa simu chini, kwa kuwa juu sikuthubutu kuuinua. Niliona miguu ya kigoda. Niliona buti la mpira la mguu wa kulia. Kisha nikaona mguu wa kushoto, wazi, na pete ya chuma kwenye kidole gumba, na udongo mwekundu umeganda katikati ya vidole. Niliogopa, niamini, nusura nijikojolee. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko woga.

Sasa sikiliza kosa alilofanya Tobias, kosa ambalo mgeni asingelifanya. Kwetu mtu akitaka kusifiwa humkatiza mpigaji. Anapaza sauti, nyuzi zinanyamaza, anajitaja jina na sifa zake, anamtuza mpigaji chochote, na mpigaji analichukua lile jina na kulitia wimboni. Tunaiita pakruok, na ni raha kubwa. Ila ukishalitoa jina lako hivyo, linakuwa mkononi mwa mpigaji, naye ndiye anayechagua wimbo wa kulitia. Tobias alifikiri kuna mzee fulani wa mtaa amekichukua kinanda na anapiga wimbo wake bila ruhusa. Akaona njia ya kumkomesha kwa heshima na kujipatia makofi. Akaja mbele, akasimama chini ya jukwaa.

"Nyatiti, nyamaza kwanza."

Nyuzi zikanyamaza. Mvua tu ndiyo iliyosikika.

"Mimi ni Tobias, simba wa Jericho," akasema. "Wimbo huu ni wangu."

"Nani aliutunga?" mpigaji akauliza. Ilikuwa sauti yenye kikohozi, ile niliyoiuguza miezi mingi.

"Mimi."

"Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Hapo angeweza kujiokoa. Nilimwona anasita, nadhani sauti ilimgusa mahali fulani. Lakini simu zilikuwa zimeinuliwa zikimrekodi, na Tobias hajawahi kuzikimbia simu. "Mimi Tobias, mtoto wa Akinyi," akasema. "Niliutunga mimi, na zile nyingine zote." Akarusha noti jukwaani.

"Nimekusikia," mpigaji akasema.

Akaanza tena. Haukuwa wimbo wa mama yangu. Ulikuwa ule wa kumsindikiza maiti, ambao wapigaji huimba kaburi likiwa wazi, wakimtaja marehemu kwa jina lake na la mama yake. Na jina lililotajwa lilikuwa Tobias, mtoto wa Akinyi. Wazee waliokuwa mstari wa mbele, watu wa nyumbani wanaoujua wimbo huo, walisimama wakavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Tobias aliinama akimulika kwa simu yake, akauona mguu wa kushoto na pete. Akaanguka palepale alipokuwa.

Stima ziliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Nyatiti ilikuwa imeegemea meza ya vitabu vyangu. Kwenye mbao za jukwaa kulikuwa na alama za maji, moja ya buti, moja ya mguu wazi, zikielekea ukutani. Shiru alizipangusa mwenyewe. Muulize. Rekodi za simu zote zina sauti ya mvua na ya Tobias akijibizana na kimya.

Tobias hakufa. Watu walitarajia afe, hata mimi. Alizinduka akalalamika kwamba muziki haujaisha. Haukuisha siku hiyo, wala baadaye. Anausikia akila na akioga, wimbo wa maiti wenye jina lake. Madaktari walimpima masikio wakasema ni mazima. Aligundua mwenyewe namna ya kuunyamazisha. Lazima amkatize mpigaji kama desturi inavyotaka, asimame na kupaza sauti. Akijisifu, nyuzi zinarudi kwa nguvu zaidi. Akisema ukweli anapata utulivu kwa muda, kisha zinaanza upya. Kwa hiyo ukipita soko la Jericho utamwona, mtu mzima aliyekonda, akisimama katikati ya wauza mboga. "Nyatiti, nyamaza. Nyimbo ni za Ogola. Mimi niliiba." Kutwa nzima. Watoto wa mtaa wamezoea, wanamwitikia. Hakuna mtu Eastlands sasa asiyejua nyimbo zile ni za nani.

Mama Akinyi alikuja kwangu. Yule ndiye aliyenisuka nywele nikiwa mdogo. Shiru alikuwa amemweleza lile sharti la kitabuni. Hakupiga kelele, aliketi tu kwenye kiti cha Baba akaniambia, "Binti yangu, mtoto wangu amekwisha. Sema imetosha."

Nilifungua kinywa. Nikamwona Baba na sukuma yake, akitabasamu kwa sababu amesikia wimbo wake redioni. Nikafunga kinywa. Nilimpikia Mama Akinyi chai, akainywa, akaenda zake.

Naweza kukomea hapo ukabaki unamwogopa baba yangu. Lakini niliahidi kukuambia nilichoona. Nyatiti niliirudisha nyumbani, nikaitundika mahali pake. Na tangu usiku ule wa ukumbini, na zaidi tangu alipokuja Mama Akinyi, kila asubuhi nikiamka kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kina alama nyeusi kukizunguka, kimevimba, na vidole vya mikono vina malengelenge. Jirani mmoja aliniambia juzi kwamba nimeanza kupiga vizuri. Sijawahi kuigusa nyatiti hiyo nikiwa macho.

Baba aliondoka siku ileile ya kuzindua kitabu. Alitaka kusikia jibu, akalisikia, akaenda kulala. Anayempigia Tobias tangu hapo ni mimi.

Basi wewe unayeimba wimbo wa mtu na kuuita wako, kabla hujalitaja jina lako gizani, mulika kwanza miguu ya mpigaji. Na wewe uliyedhulumiwa, unayekaa usiku ukiandika hasira yako, mimi sikuambii uache. Chunguza tu vidole vyako asubuhi. Neno la kumfungua Tobias ninalijua, ni moja tu. Jana nilijaribu kulisema mbele ya kioo, nikaona mdomo unacheza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya nyuzi.