Nilimrudisha wa bodaboda, mjukuu wangu akafa

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Shikamoo kwa walionizidi umri kama mpo humu, wengine wote marahaba. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nne, naishi upande wa Endasak, Hanang. Shule niliishia darasa la nne lakini kuandika najua, kwa hiyo msinisahihishe, nisikilizeni. Nimezaa saba na wote wazima. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, kanisani, kisimani, kwenye harusi za watu. Nalisema na leo ili mjue ujinga wangu ulitokea wapi.

Mwanangu wa mwisho anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Basotu, nyumbani anarudi mara moja kwa mwezi. Mke wake na mtoto wao wa kike wa miezi minane nilikuwa nakaa nao mimi. Kwetu mume akiwa hayupo, mkwe hamtoi mtoto nje ya boma bila neno la mama mkwe. Ndivyo nilivyoishi na mimi nilipoolewa.

Mwezi wa saba baridi ya mlimani ikashuka, mtoto akaanza kukohoa. Nikampaka mafuta ya kondoo kifuani, nikamvika masweta mawili, nikamfunga blanketi. Siku ya tatu asubuhi mkwe akaja jikoni. "Shikamoo mama. Mtoto anapumua mbio mbio na ziwa halitaki. Nesi alitufundisha kliniki tumfunue kifua, tukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi tusikae naye nyumbani. Nimemfunua, zinaingia."

Nikamwambia, "Umemfunua kwenye baridi hii? Basi akifa umemuua wewe. Huyo nesi wako ametokea Tanga, baridi ya hapa anaijulia wapi? Na amezaa wangapi?"

"Bado hajazaa, mama."

"Haya. Mimi saba."

Kumbe alishampigia simu wa bodaboda kabla ya kuniuliza, na pikipiki ilikuwa mlangoni. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na siyo kwa ajili ya mtoto, ni kwa sababu alinipita. Nikamwambia yule bwana, "Geuza, hapa hakuna abiria." Akasema, "Bibi, kifua cha mtoto kinakoroma, nasikia mpaka huku." Nikamuuliza, "Wewe siku hizi ni daktari wa magurudumu?" Akaondoka.

Mkwe akampigia mume wake. Trekta lilikuwa linanguruma lakini nilimsikia, "Mama anasemaje? Basi msikilize mama."

Mchana mtoto akanyamaza. Nikamwambia mkwe, "Umeona? Ametulia, mwache alale." Ninyi mnaolea someni hapo mara mbili. Mtoto mgonjwa akinyamaza, hanyonyi, ukimwamsha haamki vizuri, hajapona huyo. Ameishiwa nguvu za kulia. Mimi na watoto wangu saba sikulijua hilo.

Jua lilipoanza kushuka mkwe akamfunua tena, midomo ilikuwa rangi ya majivu. Safari hii hakuniuliza. Alimbeba akakimbia kwa miguu, na mimi nyuma yake naita jina lake. Kabla hatujafika zahanati alisimama, akakaa chini pale pale barabarani. Nikajua.

Mwanangu alifika kesho yake kabla ya mazishi. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama, kwa nini hamkumpeleka?" Nikamjibu, "Muulize mama yake."

Maneno matatu. Aliyekuwa anaulizwa ni mimi.

Wengi wameacha, lakini sisi bado tunashika kwamba mama aliyefiwa na mtoto haingii nyumba za watu wala hachangamani nao mpaka muda upite. Kwa hiyo yeye alikaa ndani, mimi nikakaa nje na wageni. Walikuwa wakiniuliza ilikuwaje, naguna tu. Nikiguna, wanajimalizia wenyewe: wasichana wa siku hizi, kutwa wanachezea simu. Simu yenyewe ndiyo hiyo aliyomwitia wa bodaboda. Sasa ndugu wanakaa kikao Jumapili, na mwanangu anataka kumrudisha kwao Nangwa.

Kinachonitesa ni kwamba mkwe hajasema. Angenitukana ningemjibu, mdomo ninao. Lakini kila asubuhi ananiletea maji ya kunawa, "Shikamoo mama," macho chini. Jana nikashindwa, nikamuuliza, "Mbona humwambii mumeo?" Akasema, "Wewe ni mama yake. Mimi ataniamini nini?" Akachukua beseni akaenda.

Nikisema, mwanangu huenda asinitazame tena, na wote niliowatangazia saba wangu watajua. Nikinyamaza, mwanamke aliyeona sawasawa tangu asubuhi atafukuzwa kwa kosa langu. Msiniambie nisali, nasali. Pole msinipe mimi, mpeni yeye. Nauliza jambo moja tu: nimwite mwanangu pembeni kabla ya kikao, au nisimame mbele ya wote walionisikia nikiguna? Mwenye akili anijibu upesi. Jumapili ni keshokutwa, na mkwe ameshaanza kukunja nguo zake.