Chandarua cha Mtoto wa Tatu

Nilipofuzu uhudumu wa afya ya jamii, nilirudi kwetu Vitengeni na fulana mpya, daftari, na kiburi kisicho mfano. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandikisha watu nyumba kwa nyumba ili tuletewe vyandarua vya mbu. Kila watu wawili, chandarua kimoja.

Nilianza kwa mama yangu mdogo.

"Shikamoo, mama. Watoto wangapi humu?"

"Marahaba. Wawili."

Walikuwa watatu. Kitinda mimba, wa miaka sita, nilimsikia akikohoa nyuma ya nyumba. Mama mdogo alikwisha kuzika wengine wawili, na kwetu watoto hawahesabiwi, sembuse kuandikwa. Ukimhesabu mtoto, umekionyesha kifo njia. Nililijua hilo tangu utotoni. Ningeweza kuandika watatu nikanyamaza. Lakini hasira zilinipanda. Nikajiambia, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na leo ulimwengu ni mimi. Nikaandika wawili.

Siku ya kugawa alipokea vyandarua viwili, kimoja chake na mumewe, kingine cha watoto wawili wa daftarini. Hakuondoka. Alisimama mbele ya meza akizungusha ncha ya leso kidoleni, akingoja nimuulize. Chini ya kiti changu vilikuwapo viwili vya ziada.

"Una neno, mama?"

"Sina, mwanangu."

"Basi wapishe wenzio."

Vile vya ziada nilivirudisha zahanati, nikasifiwa kwa uaminifu. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Mvua ziliponyesha, kitinda mimba alishikwa na malaria. Kitanda cha watoto kilitosha wawili na chandarua chao. Yeye alilala chini mkekani, na mbu wakamla. Alifia njiani akipelekwa hospitali ya Kilifi. Matangani nilipika, nikateka maji, nikaosha masufuria ya watu wote, na hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana.

Uandikishaji uliporudi, nilitamani kuiruka nyumba ile, nikaona haya. Mama mdogo aliitikia shikamoo yangu, akanisogezea kigoda. Nilifungua daftari nikashindwa kuuliza. Akasema mwenyewe, taratibu:

"Wawili, mwanangu. Andika. Safari hii ni kweli."