Bibi Alimwita Mwanawe

Juzi, kwenye basi la kwenda mtaa wa Braamfontein, kijana mwenye kofia ndogo ya Kiyahudi alifunga kitabu chake katikati ya ukurasa ili amshike mama yake mkono washuke. Hasira niliyodhani imekwisha ikanipanda upya.

Nilipokuwa mdogo, mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Furaha, alimtunza bibi mmoja wa Kiyahudi. Alasiri moja nilipofuatana naye kazini, nyumba ya bibi ilinukia supu ya kuku na dawa ya kuchua. Katika chumba cha pili mwana wa bibi alisoma Torati kwa sauti ya kuimba, nami nilidhani anamwombea mamaye apone.

Bibi akamwita amletee maji.

"Mama Furaha yupo," akajibu kutoka huko. "Jambo likiwa na mtu mwingine wa kulifanya, mimi sikatizi Torati."

Mama akanyanyuka na bilauri. Bibi akaisukuma, akageukia chumba cha pili.

"Nimekuita wewe!"

Kule chumbani kuimba kukaendelea.

Siku hizi najua sheria hiyo ipo kweli. Ila yule bwana aliimeza nusu yake ya pili: likikosa mwingine wa kulifanya, funga kitabu uende. Maji, mama yangu angempa. Lakini mwana aliyemwita, mama angemtoa wapi?