Sifuri Niliyompa Minza

Nakumbuka vizuri Jumanne ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyovaa viatu vipya. Vipya kwangu, maana vilikuwa vya mitumba. Wakati huo mitumba ndiyo kwanza imeanza kujaa minadani, na kijana aliyetoka chuo cha ualimu akiwa na viatu vyeusi vinavyong'aa alijiona waziri. Nilikuwa mtoto wa Maswa mjini, nimekulia jirani na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, wakanipangia shule ya huku upande wa Mwamapalala. Niliona wamenitupa. Wewe unayeanza kufundisha mwezi ujao, nisikilize, huenda haya yakakufaa kuliko makabrasha waliyokupa chuoni.

Siku hiyo nilifundisha darasa la nne somo la ramani. Nikachora ubaoni dira, barabara, hata reli, ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona. Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja achore njia ya kutoka shuleni hadi kwao.

Kesho yake nikasahihisha mbele yao. Wengi walikuwa wamenirudishia ramani yangu ileile ya ubaoni, na reli yake, nami nikawapa nane, tisa. Halafu nikafika kwa Minza, binti mkimya wa dawati la nyuma aliyekuwa akiishi na bibi yake. Yeye hakuchora dira wala barabara. Alichora kichuguu, mti wenye mzinga wa nyuki, lambo la kunyweshea ng'ombe, mstari wa vidoti na uzio wa minyaa. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Hii si ramani," nikatia sifuri. Kisha, Mungu anisamehe, nikaliinua lile daftari darasa zima lilione. Walicheka, na aliyeanza kucheka ni mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Minza hakuja kulichukua daftari lake. Alhamisi dawati lilikuwa tupu, Ijumaa vilevile. Jumatatu mwalimu mkuu, mzee wa maneno machache, akaniita. "Huku mtoto akikaa nyumbani wiki moja, anapewa ng'ombe achunge. Humpati tena. Huyu umempoteza wewe, kamlete wewe."

Niliogopa kweli, maana nilijua hasemi mzaha. Mchana nikachukua baiskeli yangu, nikatia lile daftari kwenye mkoba ili nimrudishie, nikashika barabara. Mtaalamu wa ramani angepita wapi kwingine? Barabara ikaishia mbugani. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha, tope jeusi likashika magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Viatu vyangu vilifunikwa na tope hata rangi yake sikuiona.

Ndipo nikakumbuka daftari. Nililifungua nikiwa nimesimama topeni, nikainua macho, na kichuguu kilikuwa mbele yangu. Nikaiacha baiskeli hapo. Kutoka kwenye kichuguu nikauona mti wenye mzinga, na kulia kwake lambo. Vile vidoti nilivyodhani ni uchafu wa kalamu vilikuwa mawe yaliyopangwa ya kuvukia tope. Kwenye daftari vilikuwa kumi na kimoja. Nilivuka nikihesabu, na mawe yalikuwa kumi na moja. Nilipokanyaga la mwisho niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena mpaka leo.

Nyuma ya minyaa bibi yake Minza alikuwa ameketi akichagua pamba, safi huku, fifi ile chafu kule.

"Mwadila mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama.

"Mwadila, ng'wanawane," akaitika, yaani mwanangu, kama ninavyokuita wewe. "Huku hakuna barabara. Nani kakuleta?"

Ningeweza kudanganya. "Daftari la Minza," nikasema.

"Lile lenye sifuri?"

"Ndilo."

Hakuacha kuchagua. "Siku hizi wanunuzi wa pamba ni wengi, kila mmoja na lori lake, wengine wanazoa fifi na safi pamoja. Mimi bado nachagua. Na sijawahi kutupa pamba kwenye fifi kabla sijaishika. Wewe kazi ya mtoto wangu uliishika lini?"

Nikageuza macho pembeni. Minza alikuwa amesimama kando, fimbo ya kuchungia tayari iko mkononi.

"Hataki kurudi walikomcheka," bibi akasema. "Simlazimishi. Mwombe mwenyewe."

Nikamwomba msamaha. Minza akanitazama viatu, kisha uso.

"Utawaambia na wao?" akauliza.

"Nitawaambia."

Aliiegemeza fimbo ukutani.

Asubuhi yake niliingia darasani na viatu vyenye tope lilelile, nikaliinua daftari juu palepale nilipoliinua mwanzo. Nikawaambia kwamba nilipotea, ramani hii ikanifikisha, na aliyekosea ni mimi. Hakuna aliyecheka. Nikampa Minza kumi mbele yao, naye alikaa mpaka akamaliza la saba. Lakini sifuri yangu haikufutika. Wino mwekundu ndivyo ulivyo, huufuti, unaandika pembeni yake tu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kazi ya mtoto ishike kwanza ndipo uipe alama. Asiyejibu kama ulivyoandika ubaoni huenda ameandika alichokiona, na hicho wewe hukijui, kwa hiyo muulize. Kuuliza si ujinga. Ukimkosea mbele ya watu, usimwombe radhi pembeni. Alama unaweza kuongeza kesho, kicheko hukirudishi.

Nenda ukafundishe. Mungu akupe macho ya kuviona vidoti, akulinde na viatu vinavyong'aa, na siku utakapokwama topeni, akujalie uwe na daftari la mtoto mkobani.