Zulia la Kijiji

Nilipoondoka kwa mume wangu kule Makanya, sikuwa nimefumaniwa wala sikuwa nimechoshwa na umaskini. Niliondolewa na zulia. Lakini zulia halina miguu, waliolileta na kuling'ang'ania ni watu, na watu hao nawataja: mume wangu, mama yake, na katibu wa tawi.

Shamba la mkonge lilipotaifishwa, vitu vya nyumba ya meneja Mzungu viligawiwa. Zulia likaamuliwa kuwa mali ya kijiji, na kwa kuwa mume wangu ndiye alikuwa mwenyekiti, likaja kutandikwa kwetu, juu ya sakafu ya udongo, ukuta hadi ukuta. Wageni wa wilayani walikaribishwa pale. Mume wangu alivua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, na yeye ni Mlutheri.

Sisi sakafu ya udongo hatuifagii kavu. Unanyunyiza maji kwanza, vumbi lilale, ndipo unapitisha ufagio. Mama mkwe akasema zulia nalo ni hivyo hivyo. Basi kila asubuhi nikawa nalinyunyizia maji. Vumbi halikulala, lilizama. Chini kukawa na unyevu, ukungu mweupe ukaota, nyumba ikanuka gunia bichi. Mimi nikaanza na chafya, macho yakawa yanawasha, mwisho kifua kikabana hadi kikawa kinatoa mluzi.

"Nyie wa milimani Mamba mmelelewa kwenye baridi," mama mkwe alisema. "Kijua kidogo tu, pumzi hamna."

"Mama, mbona nikiwa shambani sikohoi?"

"Shambani unakaa lini?"

Mganga wa zahanati aliniuliza nalala wapi, tena juu ya nini. Nilipomweleza akasema, "Ama zulia litoke, ama utoke wewe. Kifua hiki kitakuua."

Nikaomba angalau lianikwe juani. Katibu alikuwa pale kwetu anakunywa chai yangu. "Shemeji, likipauka utakiambia nini kijiji? Hiyo ni mali ya umma."

"Na mimi ni mali ya nani?"

Akacheka. Mume wangu naye akacheka. Katibu nilishamzoea, lakini kicheko cha mume wangu sijakisamehe mpaka leo.

Nilipoanguka jikoni nikakosa hata pumzi ya kuita mtu, habari zilifika kwetu mlimani, na kaka yangu akashuka kunichukua. Nilimfunga binti yangu mgongoni. Mama mkwe akaja nyuma yangu akaifungua kanga, akamtoa mtoto. Mtoto ni wa ukoo wa baba, kwetu haina mjadala. Mume wangu alisimama pembeni anatazama vidole vya miguu yake.

"Twende, dada," kaka alisema. "Ukifia hapa utamlea nani?"

Mamba kifua kilitulia. Watu wakanipongeza kwa kupona, kana kwamba nilirudi na kila kitu.

Nilikuwa nashuka kumwona binti yangu nikipata nafasi. Ndani siingii. Binti alinitolea kigoda nje, yeye akakaa mlangoni. Alikuwa ameanza shule siku nilipomkuta anapumua mdomo wazi, macho mekundu, anafuta pua kwa kiganja.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Nimetoka kufagia."