Udongo wa Kichuguu

Jana binti yangu, ambaye ni mjamzito, alifungua ncha ya kitenge chake akatoa vipande vya udongo alivyonunua sokoni. Harufu yake, kama vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza, ilinirudisha kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya majaruba yetu ya mpunga.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Kila asubuhi nilimchimbia udongo pale, nikimchagulia ule mwekundu usio na mchanga, naye aliutafuna taratibu huku amefumba macho.

"Huyo wa tumboni anafyatua matofali?" bibi, mama yake baba, alimtania.

"Anakujengea wewe nyumba, mama," alijibu, wakacheka.

Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Vilimtia kichefuchefu, akanikabidhi mimi.

"Katupe chooni, mwanangu. Baba yako asijue."

Nilitupa vyote, nikijivunia kuaminiwa, kisha nikachukua jembe nikarudi kichuguuni. Viganja vya mama vilikuwa vyeupe. Mimi nilidhani ni unga.

Alijifungulia nyumbani. Mtoto alilia kwa nguvu, lakini mama hakuacha kutoka damu. Baba alikuwa bado anafunga mto kwenye keria ya baiskeli ili ampeleke hospitali Mpanda, bibi akatoka ndani.

"Acha, mwanangu," alimwambia. "Fungua tu."

"Baba, mbona unaniangalia hivyo?" binti yangu aliuliza, kipande kikiwa mdomoni.

"Nionyeshe viganja vyako," nilimwambia.